Unapunguza mwili, mbona unasikia baridi? Kujinyima kula kwa muda mrefu na tezi ya thairoidi

Msimu wa harusi ukikaribia, kliniki za lishe hapa Dar es Salaam hupokea mabinti wengi wanaotaka kupungua kabla ya sendofu. Wapo pia wanaokuja wakiwa wameshapungua, na hao ndio ninaowaandikia leo, pamoja na mama zao na wachumba zao. Wamejinyima miezi mitatu, minne. Mwanzoni mizani ilishuka vizuri, kisha ikagoma. Wanachoka kwa kupanda ngazi tu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Choo kimekuwa kigumu, siku zao zimechelewa au hazikuja kabisa. Na kuna dalili moja ambayo nikiisikia huanza kuuliza habari za chakula hapohapo: baridi. Mtu anakaa mbele yangu Februari, kwa joto la jiji hili, amevaa sweta na anaomba feni izimwe.

Wengi wao wameshajipa jibu kabla ya kuja: "Nina thairoidi." Wapo waliokwisha kununua vidonge. Nawaomba tuanze na ulichokula jana.

Nitatoa mfano wa siku moja ya chakula, wa aina ninayokutana nayo mara nyingi. Asubuhi, maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Saa sita mchana, mayai mawili ya kuchemsha: kalori kama 150. Saa kumi, tango, karoti na nusu parachichi: kama 200. Usiku, kipande kidogo cha samaki wa kuchemsha na mchicha usiotiwa mafuta: kama 170. Jumla ni kalori 520 hivi. Jioni hiyohiyo huyu binti mwenye kilo 60 amekimbia kilomita 5, ambazo zimekula takriban kalori 300. Moyo, ubongo, figo, ini na kila kiungo kingine vimeachiwa kalori 220, wakati mwili wake ukilala tu bila kufanya lolote unahitaji kama 1,300. Siku moja ya namna hii haina neno. Miezi minne ni jambo jingine.

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini ya koromeo. Homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili kutumia nishati: joto, mapigo ya moyo, mwendo wa chakula tumboni, ukuaji wa nywele. Sehemu kubwa ya inachotoa ni T4, ambayo haina nguvu nyingi mpaka igeuzwe kuwa T3, na kazi hiyo hufanyika zaidi nje ya tezi, hasa kwenye ini. Ubongo husimamia yote kwa kutuma homoni iitwayo TSH, inayoiamuru tezi izalishe.

Chakula kikipungua sana, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka, na ubongo huuchukua ujumbe huo kuwa kuna njaa. Unalegeza amri zake kwa tezi. Ini nalo linapunguza kugeuza T4 kuwa T3, na sehemu zaidi ya T4 inageuzwa kuwa T3 ya kinyume, isiyouchochea mwili. Ni kama nyumba ambayo mshahara wake umekatwa: taa zinazimwa mapema, nyama inakuwa ya Jumapili, fundi wa paa anaambiwa asubiri. Nywele, hedhi na joto la vidole ndivyo vinavyoambiwa visubiri, ili moyo na ubongo viendelee. Kwa watu wengi wa namna hii tezi yenyewe ni nzima. Mwili umebana matumizi kwa sababu kipato kimekatwa.

Jambo hili lilionekana wazi zamani. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake walifuatilia vijana 36 wa kiume wenye afya waliojitolea kula nusu tumbo kwa wiki 24. Walipewa kama kalori 1,600 kwa siku huku wakitakiwa kutembea sana kila wiki. Wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, kasi ya miili yao kutumia nishati ikaanguka kwa takriban asilimia 40, na katikati ya kiangazi walikuwa wakilalamikia baridi. Tazama tena hesabu: wale walikula kalori 1,600. Mabinti wetu wengi wanakula theluthi yake na kuiita nidhamu.

Wale wanaokimbia alfajiri Coco Beach au kwenye vikundi vya jogingi vya mitaani huniuliza kama mazoezi ndiyo yanayoharibu tezi. Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Anne Loucks na wenzake, Marekani pia, waliwapima wanawake waliofanya mazoezi huku wakila viwango tofauti vya chakula. Kwa waliokula kidogo, T3 ilishuka ndani ya siku nne. Waliofanya mazoezi yaleyale lakini wakala vya kutosha kufidia, T3 yao haikuyumba. Kimbia, mwanangu. Ila ukirudi, kula.

Sasa vipimo. Mtu aliyejinyima sana mara nyingi anakuwa na T3 ya chini, T4 ya kawaida, na TSH ya kawaida au iliyo chini kidogo. Tezi iliyoshindwa kazi kwa ugonjwa huonekana tofauti: TSH inapanda sana kwa sababu ubongo unaihimiza, na T4 inashuka. Hivyo kipimo cha T3 peke yake kinaweza kumpotosha mgonjwa, na wakati mwingine hata aliyekisoma. Na jambo moja ambalo nasisitiza kila siku: vidonge vya nywele na kucha vinavyouzwa sana madukani huwa na biotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini B, na biotini huvuruga baadhi ya vipimo vya thairoidi hata vikaonyesha ugonjwa ambao haupo. Viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na umwambie wa maabara kwamba ulikuwa unavitumia. Wanaomeza vidonge hivi mara nyingi ndio haohao ambao nywele zinakatika kwa njaa. Nywele huanguka miezi miwili au mitatu baada ya mwili kupata shida, ndiyo maana wengi hulaumu dawa ya nywele ya juzi au msusi, na chakula hakikumbukwi.

Tafadhali usimeze levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya thairoidi, ili mizani ishuke, iwe umeagizwa na rafiki au na muuzaji wa mtandaoni. Dawa hii inawafaa sana wenye ugonjwa wa kweli wa tezi. Kwa mwili uliojinyima ni kuulazimisha kutumia usichoupatia. Ukizidisha, moyo unaweza kwenda mbio bila mpangilio, misuli inaliwa, na mifupa inadhoofika. Dawa nyingine za kupunguza tumbo hazina orodha ya kilichomo, na hizo ndizo ninazoziogopa zaidi.

Kuna kosa jingine linalokuja na kujinyima: kuacha chumvi kabisa, au kuhamia chumvi ya mawe ya rangi ya waridi kwa kuamini ni ya asili. Tezi haitengenezi homoni bila madini joto, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa goita, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kwa sababu ya upungufu wa madini hayo, na tangu miaka ya 1990 chumvi ya mezani nchini inatakiwa kuwekewa madini hayo. Punguza chumvi, ndiyo, isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, lakini hiyo kidogo iwe yenye madini joto. Soma pakiti, funika kopo, uiweke mbali na jua na mvuke wa sufuria.

Dawa ya njaa ni chakula. Mtu akianza kula vya kutosha, T3 hurudi ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Hedhi na nywele huchukua miezi, na hapo panahitaji subira. Asiye na ugonjwa mwingine na bado anataka kupungua, apunguze kama kalori 500 kutoka kwenye anazotumia kwa siku, ashuke nusu kilo hivi kwa wiki. Ugali mdogo ubaki. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vibaki. Soda na chipsi za usiku ndizo zianze kuondoka.

Kufunga Ramadhani nako huulizwa sana. Mwenye afya anayekula futari na daku za kutosha hayumo katika ninayoyasema. Anayetumia levothairoksini azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mara nyingi hupangiwa kumeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula, au nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku.

Ambaye hajajinyima lakini anapungua, moyo unamdunda, mikono inatetemeka au shingo imevimba, aende hospitali wiki hii. Vivyo hivyo mjamzito, anayetafuta mtoto, na yeyote ambaye hedhi imekatika miezi mitatu. Ukija kliniki, njoo na daftari la ulichokula kwa siku saba, pamoja na vifungashio vya kila kidonge, chai na unga unaotumia, hata ule ulioambiwa ni mitishamba tu.