Mvua ikikukuta juu ya mteremko: vile ninavyofundisha mashofere wa Bukavu

Ndugu zangu, tuko Septemba, mvua imeanza kurudi na simu yangu hailali, kila jioni kijana niliyemfundisha volani (usukani) ananipigia kuniuliza kitu kilekile: papa, ikinyesha niko juu ya mteremko nifanye namna gani. Nimeona niandike hapa mara moja wote wasome. Mimi ni moniteri wa kufundisha kuendesha, lakini kabla ya hapo nilitumika miaka 19 kwenye kamio (lori) na kwenye taksibasi, Bukavu–Uvira, Bukavu–Kavumu, saa zingine Bunyakiri, kwa hiyo haya ninayowaambia nimeyafanya na miguu yangu mwenyewe juu ya pedali.

Shida ya mji wetu si maji peke yake. Ni maji pamoja na mteremko. Bukavu, huku mashariki ya Kongo, iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na imejengwa juu ya milima, ukitoka kwako ni kushuka ao kupanda, fasi ya kutambarare ni chache sana, na hesabu ya gari kwenye mteremko ni nyingine kabisa. Gari ikishuka ina uzito wake unaoisukuma, sasa ukiongezea lami yenye maji, ambayo inashika pine (tairi) karibu nusu ya vile inavyoshika ikiwa kavu, utaona kwamba freni unayoitegemea siku zote leo haina kitu cha kukamata. Njo maana vijana wangu nawaambia kitu kimoja mpaka wanachoka: mbio ya kushuka nayo unaichagua ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaanza kushuka na mbio mbaya umechelewa.

Namna ya kuichagua ni rahisi. Vitesi (gia) ambayo ungepandia ule mlima, njo hiyo utashukia. Kama unapanda na ya pili, shuka na ya pili. Moteri yenyewe itaishika gari, hiyo tunaita freni ya moteri, na mguu wako unabaki kwa kazi ndogo ya kusaidia tu. Kitu kinachoniuma sana ni wale wanaotoa vitesi, wanashuka pwemori (bila gia yoyote) ili wabanie esansi (petroli), na wengine wanazima kabisa moteri. Ndugu yangu, moteri ikizimika ule msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na kama volani yako ni ya msaada nayo inakuwa nzito. Esansi uliyobania pale haifiki hata nusu lita, sasa uko na gari isiyosimama wala kukata kona.

Niwaambie ya mteremko wa Ngomo. Anayejua barabara ya Uvira anajua, baada ya Nyangezi unafika juu pale halafu unashuka mpaka Kamanyola, kimo cha zaidi ya mita 400, udongo na mawe, kona juu ya kona, upande mmoja mlima na upande mwingine shimo tupu. (Wenye karatasi za kuvuka mpaka wengi walikuwa wanapitia Rwanda, lami mpaka Bugarama, na mimi siwalaumu.) Mwaka 2011 nilikuwa na minibasi ya mtu, abiria 14, mvua ndogo ile isiyotisha mtu, na nyuma yangu wananisukuma kwa maneno, "papa, tunachelewa mupaka, ongeza kidogo." Nikashuka na vitesi ya tatu. Kila kona nakanyaga freni, kona nakanyaga, kona nakanyaga, na kwenye ile ya tano ao ya sita pedali ikaingia mpaka chini bila kukutana na kitu chochote, kama nimekanyaga ndani ya tope. Nikarudisha ya pili kwa nguvu, gari ikalia, nikavuta freni ya mkono kidogokidogo, nikaiegemeza gari kwa ukingo wa mlima mpaka ikasimama kwa kusuguana na udongo. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu na mtoto mgongoni hakusema neno hata moja, alishuka, akachukua kifurushi chake, akatembea na miguu kuteremka kule chini. Ile sura yake ninayo mpaka leo.

Kilichotokea pale si bahati mbaya, kina maelezo na kila shofere inabidi ayajue. Mafuta ya freni yanavuta unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka kwa mwaka, na kwetu hapa unyevu ni mwingi. Angalia kwenye chupa, aina yake imeandikwa, DOT 3 ao DOT 4. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205, lakini ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikishalowa. Sasa ukishuka unakanyaga freni bila kuachia, joto linapanda mpaka linayafikia yale mafuta, yanachemka, yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu tu na plakete za freni hazisikii kitu. Ukiacha gari ipoe nusu saa pedali inarudi, njo maana wengi wanafikiri walikosea wao. Yale mafuta ya ile minibasi tulipoyatoa yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, mwenye gari hakuyabadilisha tangu aliponunua. Badilisha kila miaka miwili. Kuongeza juu tu si kubadilisha.

Turudi mjini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi njo mbaya kuliko zote kwenye lami. Juni, Julai, Agosti barabara inakusanya vumbi, mafuta yanayodondoka kwenye makamio, unga wa mapine, vyote vinalala pale vikingoja. Matone ya kwanza yanavichanganya vinakuwa kama sabuni, na ile nusu saa ya mwanzo, hata kama mvua ni ndogo, gari inateleza kuliko wakati wa mvua kubwa ambayo imeshaosha barabara. Kwenye udongo ni kinyume: mwanzo vumbi linakunywa maji bado kuna kushika kidogo, lakini vile inavyoendelea kunyesha butope linakuwa kama siagi, kwa hiyo fasi uliyopita asubuhi jioni haipitiki. Shofere anayetoka kwenye lami kuingia kwenye udongo abadilishe kichwa pale pale. Kwenye butope anza na vitesi ya pili, gaze (pedali ya mafuta) kidogo sana, usizungushe mapine ju yanajichimbia kaburi, na ukianza kuteleza usikanyage freni, ondoa mguu kwenye gaze na angalia fasi unayotaka kwenda, mikono itafuata macho.

Umbali nao. Mtu akiwa na macho mazuri na akili yake yote anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye freni, na kwa mbio ya 60 kwa saa sekunde moja ni mita karibu 17, gari imepita urefu wa kamio nzima na wewe hujafanya kitu bado. Kisha ndipo freni inaanza. Na mbio ikiongezeka mara mbili, kutoka 40 mpaka 80, fasi ambayo freni inahitaji kuisimamisha gari inaongezeka mara nne, si mara mbili, hii watu wanaikataa mpaka niwachukue kwenye kiwanja niwaonyeshe. Kukiwa kavu acha sekunde 2 kati yako na wa mbele, mvua ikinyesha acha 4. Unachagua nguzo, wa mbele akiipita unaanza kuhesabu. Najua mtaniambia pale Essence, hapa mjini, ukiacha nafasi motari (wa pikipiki) watatu wanaingia. Waache waingie. Unaanza kuhesabu tena.

Mapine ninayazungumzia haraka ju kila mtu anajifanya anajua. Ile mifereji kwenye pine ni ya kutoa maji chini yake, pine mpya ina kama milimita 8, na Ulaya sheria inakataa chini ya 1.6. Ikiisha, maji hayana pa kutokea, gari inapanda juu ya maji kama mtumbwi na volani inakuwa nyepesi ghafla mkononi. Ukisikia vile ondoa gaze, shika volani imara, usikate kona wala kukanyaga kwa nguvu. Mapine ya okazyo (yaliyokwisha kutumika) yanayouzwa hapa mengi yamefika na miaka yake, ule mpira umekuwa mgumu, hata mifereji ikionekana vizuri haushiki tena.

Ukungu. Kwenda Bunyakiri ukipita Tshivanga ndani ya pori la Kahuzi-Biega, asubuhi na jioni unaweza usione kofia ya moteri yako. Fare (taa za mbele) kubwa hapo zinakudanganya, mwanga unagonga yale matone madogo unakurudia usoni, unaona ukuta mweupe. Fare ndogo, kioo wazi kidogo ili usikie wenzako, na honi kabla ya kona. Na ndani ya gari watu 14 wanapumua, parabrizi (kioo cha mbele) inajaa mvuke, usipanguse na mkono ju unaacha mafuta ya ngozi, fungua vioo vidole viwili kila upande na uelekeze hewa ya moto kwenye kioo. Abiria watalalamika baridi. Mwambie mama wa nyuma kwa heshima, mama, tuvumilie kidogo nipate kuona.

Maji yanayokata barabara, hapa sina mchezo kabisa. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Kalehe ilifurika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi wetu tulikuwa tunapita pale kila wiki kwenda Goma, tunanunua vitu kwa watu wale wale. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuinua gari ndogo, 60 zinabeba hata jipu. Huoni chini, barabara inaweza kuwa imeshaenda na wewe unaona maji tu. Kama mvua ilinyesha milimani, mto mdogo usioutambua unaweza kukuta umekuwa mkubwa ndani ya dakika chache hata kama ulipo wewe kuna jua. Ngoja. Na kama ulijaribu na moteri ikazimika ndani ya maji usiwashe tena, maji yakiingia kwenye silinda hayabaniki, unapinda biele (mkono wa pistoni) na moteri imekwisha. Toka nje kwanza na watu wako. Ukivuka salama kanyaga freni kidogokidogo mita kadhaa ili zikauke, kabla ya kuzihitaji.

Radi: wanasayansi walitoa hesabu mwaka 2016 kwa kutumia satelaiti, fasi waliyoiita Kabare, hapa hapa kwetu, ilikuwa ya pili duniani, radi karibu 205 kwa mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Ndani ya gari ya chuma uko salama, na si ju ya mapine ya mpira kama watu wanavyosema, ni ju chuma kinaizungusha radi nje mpaka chini. Funga vioo, usiguse chuma. Motari yeye hana hiyo nyumba ya chuma, kwa hiyo vijana wa pikipiki, ikianza kunguruma ingieni ndani ya nyumba ya mtu, ya kweli yenye paa na kuta, si chini ya kaliptusi. Na abiria mwenye mwavuli nyuma yako mwambie aufunge, upepo ukiukamata unawavuta wote wawili.

Kitu cha mwisho ni fare, na hii sioni mtu anaizungumzia. Gari zetu nyingi zimetoka Japani, volani ya kulia, kule wanapita kushoto. Sisi tunapita kulia. Watu wanafikiri tofauti ni volani tu, kwamba huoni vizuri ukitaka kudubule, kumpita wa mbele (na kwenye mvua usidubule kabisa, basi), lakini fare zile nazo zilitengenezwa zirushe mwanga juu upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara ya kwao. Kwetu upande wa kushoto njo macho ya anayekuja mbele yako. Usiku wa mvua, lami inang'aa, yeye unampofusha na fare ndogo, anadhani unamtukana na yeye anawasha kubwa, wote wawili mmekuwa vipofu kwenye kona ya mteremko. Jioni moja simamisha gari mita 5 mbele ya ukuta ulionyooka, washa fare ndogo, angalia mwanga unapanda upande gani. Ukipanda kushoto, tafuta fare za nchi zinazopita kulia, na kama pesa haijapatikana bado zishushe kidogo na bandika utepe mweusi pale unapoona kwenye ukuta kwamba njo panaporusha, unasogeza utepe mpaka ule mwinuko upotee. Jumamosi asubuhi kabla ya masomo niko kwenye kiwanja, kuna ukuta mzuri mweupe na kuna kivuli, leteni gari tuangalie pamoja.