Je, wajua swichi za staki huchaguaje kiongozi?

Unganisha swichi nne za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa kebo, ziwe staki, yaani kundi linalofanya kazi kama swichi moja, na vifaa vingine havitaona swichi nne tena. Vitaona moja tu, yenye anwani moja ya IP na mipangilio ya pamoja. Porti (tundu la kuchomeka kebo) 3/0/24, kwa mfano, ni porti ya 24 kwenye swichi namba tatu. Nyuma ya umoja huo kuna swichi moja iliyoshika usukani: fundi akiingia kubadili kitu huzungumza na hiyo, na nyingine hupokea amri kutoka kwake. Imefikaje hapo, wakati hakuna aliyeiteua?

Zimepigiana kura. Kwenye swichi za Cisco Catalyst, aliyeko madarakani huachwa aendelee. Kama hakuna, hutazamwa kipaumbele, yaani namba kati ya 1 na 15, na yenye namba kubwa hushinda. Tatizo ni kwamba swichi zote hutoka kiwandani na namba 1. Zikilingana kwa kila kigezo, mwamuzi wa mwisho ni anwani ya MAC, yaani namba ya kipekee ambayo kila kifaa hupewa kiwandani: iliyo ndogo ndiyo inayoongoza. Anwani hiyo haihusiani kabisa na uwezo wa swichi. Usishangae basi kukuta kazi yote imeangukia ile kuukuu kuliko zote. Kuachia bahati jambo hili ni uvivu tu, maana tiba yake ni mstari mmoja, `switch 1 priority 15`, kisha unampa 14 yule unayetaka awe msaidizi.

Ila usitegemee mabadiliko ya papo hapo. Kipaumbele kipya hakimwondoi kiongozi aliyepo. Kitaheshimiwa uchaguzi utakapofanyika tena, kwa mfano staki nzima ikiwashwa upya. Wengi huandika amri hiyo, hawaoni tofauti, wakadhani imekataa.

Balaa kubwa huja wakati wa kuongeza swichi. Ukichomeka kebo ya staki kwenye swichi ambayo tayari imewaka, hujaongeza mwanachama, umekutanisha viongozi wawili. Mmoja lazima ashindwe, na upande ulioshindwa hujiwasha upya ili ujiunge na mshindi. Kama walioshindwa ndio waliokuwa wanabeba mtandao wa watu, watu wote hao wanakatika. Kwa hiyo swichi mpya huunganishwa ikiwa imezimwa, kebo zikae sawasawa, ndipo umeme uwashwe. Toleo la programu yake nalo lilinganishwe mapema na la wenzake, la sivyo inaweza kuonekana kwenye orodha lakini isifanye kazi.

Na hizo kebo? Zifungwe kwa mduara: ya kwanza kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, hadi ya mwisho irudi kwa ya kwanza. Hiyo ya kurudi ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu kebo fupi ya nusu mita haifiki kutoka chini hadi juu ya kabati la swichi. Huhitajika ya mita moja au tatu. Mduara ukikatika sehemu moja, staki inabaki nzima, kasi tu ndiyo inayopungua. Bila mduara, kebo moja ikikatika staki hugawanyika mara mbili. Upande usio na kiongozi huchagua wake, na sasa pande mbili zinadai anwani ileile ya IP. Kutafuta chanzo cha hitilafu ya namna hiyo kunachosha kweli, maana kila upande unajiona mzima.

`show switch` huonyesha nani kiongozi, nani msaidizi, na kipaumbele cha kila mmoja. `show switch stack-ports` hukuambia kama mduara umefungwa. Iandike hiyo ya pili kabla hujafunga mlango wa kabati.