Data haijapotea, imekwama njiani: gridi na michakato kwenye WinForms

Kila ninapoitwa kutazama programu ya Windows iliyoandikwa kwa C# na WinForms (zana za .NET za kuunda madirisha, vitufe na majedwali), malalamiko huwa yanafanana. Mtumiaji ameweka tiki, programu inasema hakuna kilichochaguliwa. Kitu kimeongezwa kwenye orodha, gridi iko vile vile. Kitufe cha Anza kimebofywa, dirisha limeganda, na Task Manager inaonyesha mchakato uko hai lakini haufanyi lolote. Wengi huanza kupiga ramli: data imepotelea wapi? Mara nyingi haijapotea. Imekwama katikati, inasubiri mtu aichukue, na ukivijua vituo inavyopitia utaacha kubahatisha.

Nitatumia mfano mmoja: programu ya kuchukua nakala rudufu za kanzidata za PostgreSQL za matawi ya duka. Ina DataGridView moja (jedwali la kwenye dirisha, ndiyo ninayoiita gridi), mstari mmoja kwa kila tawi: kisanduku cha tiki, jina la tawi, orodha kunjuzi ya seva, na safu ya hali. Ukibofya Anza, programu inaita pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala, kwa kila tawi lenye tiki na kuandika maendeleo kwenye safu ya hali. Msimbo wake si mrefu, lakini karibu mitego yote ninayokutana nayo imo humo.

Tuanze na tiki. Mtumiaji anabofya kisanduku, anakiona kimewekwa alama, lakini tukio la CellValueChanged halijaitwa na ukisoma Value ya seli unapata thamani ya zamani. Hii si kasoro ya DataGridView. Seli inapohaririwa, thamani mpya hukaa kwa mhariri wa seli, na gridi huipokea mtumiaji anapoiacha seli ile. Kwa maandishi hilo lina maana, kwa sababu hakuna anayetaka kila herufi ihesabiwe kuwa jibu kamili. Kwa kisanduku cha tiki, ambako kubofya ndilo jibu lenyewe, inabidi uilazimishe gridi ipokee papo hapo:

```
void gridi_CurrentCellDirtyStateChanged(object sender, EventArgs e)
{
    if (gridi.IsCurrentCellDirty &&
        gridi.CurrentCell is DataGridViewCheckBoxCell)
    {
        gridi.CommitEdit(DataGridViewDataErrorContexts.Commit);
    }
}
```

Lile sharti la aina ya seli wengi huliacha. Bila hilo, kila seli italazimishwa, na mtu anayetaka kuandika -5 kwenye safu ya namba atarushiwa hitilafu mara tu anapoandika alama ya kutoa, maana alama peke yake si namba.

Kituo cha pili kiko nyuma ya seli. Ukiwa umefunga gridi kwenye DataTable (jedwali la data kwenye kumbukumbu) kupitia BindingSource (kiungo kati ya data na gridi), mstari mzima nao una hali yake ya kuhaririwa, na kwa kawaida hukamilishwa mtumiaji anapohamia mstari mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi, ita gridi.EndEdit() kisha EndEdit ya BindingSource. Hapa ndipo yanapotoka malalamiko ya ajabu kwamba kitufe cha chini ya dirisha kinahifadhi vizuri lakini kile cha juu hakihifadhi. Kitufe cha kawaida kikibofywa huchukua fokasi, kwa hiyo gridi inalazimika kumaliza ilichokuwa inahariri. Kitufe cha ToolStrip, yaani upau wa vitufe wa juu ya dirisha, hakichukui fokasi. Gridi inabaki inadhani mtumiaji bado anaandika.

Orodha yenyewe nayo ina la kwake. Ukiipa gridi List<Tawi> kisha ukaongeza tawi jipya, gridi haitajua, kwa sababu List<T> haina namna ya kutangaza mabadiliko. Suluhisho linalopendwa ni kuweka DataSource kuwa null kisha kuirudisha. Inafanya kazi, ila mstari uliochaguliwa unapotea na mtumiaji anarudishwa juu ya orodha kila mara. Tumia BindingList<T>, inayotangaza kuongezwa na kuondolewa kwa vitu, na darasa la Tawi litekeleze INotifyPropertyChanged ili hata mabadiliko ya sifa moja yafike kwenye gridi. Gharama yake ni kwamba BindingList<T> haipangi data kwa kubofya kichwa cha safu mpaka uiandikie hilo mwenyewe. Na kama gridi inabaki tupu bila safu, angalia kama ulichoandika kwenye darasa ni sifa zenye get na set au ni vigeu vya wazi tu. Gridi husoma sifa pekee.

Orodha kunjuzi nitaipitia haraka. Ujumbe "DataGridViewComboBoxCell value is not valid" unakuja kwa sababu moja: thamani iliyo kwenye data haimo kwenye orodha ya chaguo. Sababu nyuma ya sababu huwa ni mbili. Ama chaguo hazijajazwa wakati gridi inapewa data, basi badilisha mpangilio. Ama aina zinatofautiana, upande mmoja int na mwingine string, na 3 ya namba si sawa na "3" ya maandishi. Sipendi kuona tukio la DataError likiwekwa mwili mtupu ili kisanduku cha ujumbe kisionekane. Angalau andika mstari, safu na hitilafu kwenye faili la kumbukumbu.

Sasa pg_dump, na hapa nitakaa zaidi.

Msimbo ninaoukuta mara kwa mara unaelekeza kwenye programu yako mikondo yote miwili ya pg_dump, wa matokeo (stdout) na wa makosa (stderr), kisha unasoma wa matokeo hadi mwisho kwa ReadToEnd, halafu unasoma wa makosa, halafu WaitForExit. Ukiujaribu kwenye kanzidata ndogo ya majaribio unamaliza vizuri. Ukiupeleka kwenye tawi kubwa lenye meza nyingi, unaganda milele bila hitilafu yoyote.

Fuatilia hatua kwa hatua. Ukitumia -f, pg_dump huandika nakala moja kwa moja kwenye faili, kwa hiyo mkondo wa matokeo hauna kitu. Ukiweka --verbose, maelezo yote ya maendeleo yanakwenda kwenye mkondo wa makosa, hata kama hakuna kosa. Programu yako imekaa kwenye mkondo wa matokeo ikisubiri ufungwe, nao utafungwa pg_dump ikiisha. Wakati huo huo maelezo yanajaa kwenye bomba la mkondo wa makosa, ambalo bafa yake (hifadhi ya muda) ni ya kilobaiti chache. Bafa ikijaa, pg_dump inasimamishwa pale pale inapoandika, mpaka mtu asome. Na huyo wa kusoma ni wewe, ambaye unasubiri pg_dump iishe. Kanzidata ndogo ilipita kwa sababu maelezo yake hayakuijaza bafa. Kuita WaitForExit kabla ya kusoma chochote ni ugonjwa ule ule kwa njia fupi zaidi.

Kanuni ninayoifuata: mkondo usiousoma usiuelekeze, na unaouelekeza uusome kwa matukio.

```
var p = new Process();
p.StartInfo.FileName = njiaYaPgDump;
p.StartInfo.UseShellExecute = false;
p.StartInfo.CreateNoWindow = true;
p.StartInfo.RedirectStandardError = true;
p.ErrorDataReceived += (s, e) =>
{
    if (e.Data == null) return;
    BeginInvoke(new Action(() => tawi.Hali = e.Data));
};
p.Start();
p.BeginErrorReadLine();
await p.WaitForExitAsync();
```

Hoja za pg_dump nimeziacha nje ili msimbo usirefuke. Kwenye .NET ya sasa ziweke moja moja kwenye ArgumentList, nayo itashughulikia nafasi zilizomo kwenye njia za mafaili; kwenye .NET Framework, toleo la zamani, utafunga alama za kunukuu mwenyewe. WaitForExitAsync ilianza na .NET 5. Kwa waliobaki kwenye Framework, weka EnableRaisingEvents kuwa true na usikilize tukio la Exited. Usiite WaitForExit kwenye uzi (thread) wa dirisha: uzi huo ndio unaochora na kupokea mibofyo, na ukishindwa kuitikia kwa sekunde 5 Windows huandika kwenye kichwa cha dirisha kwamba programu haijibu. Kuna wanaotibu hilo kwa Application.DoEvents ndani ya kitanzi. Dirisha linaitikia kweli, na mtumiaji anabofya Anza mara ya pili.

Mstari wenye BeginInvoke ndipo gridi na mchakato vinapokutana, na ndipo panapozaliwa hitilafu ngumu kuliko zote. ErrorDataReceived huitwa kwenye uzi wa akiba, si uzi wa dirisha. Ukibadilisha tawi.Hali moja kwa moja humo, sifa itatangaza mabadiliko, BindingList itayapeleka, na gridi itaguswa na uzi usio wake. Wanaotoka WPF, mfumo mwingine wa .NET wa kuunda madirisha, hunaswa hapa, kwani kule mabadiliko ya sifa moja hupelekwa kwenye uzi sahihi bila wewe kufanya kitu. WinForms haikufanyii hivyo.

Kinachofuata kinategemea uko wapi. Ukiwa ndani ya Visual Studio na dibaga (zana ya kutafuta hitilafu) imeunganishwa, unapata InvalidOperationException yenye maelezo safi. Kwenye mashine ya mteja unaweza usipate kitu, maana ukaguzi huo, CheckForIllegalCrossThreadCalls, kwa kawaida huwashwa pale tu dibaga ipo. Mteja yeye anaona safu ya hali isiyobadilika, au siku moja gridi nzima inageuka kuwa eneo jeupe lenye alama kubwa nyekundu ya X. Alama hiyo maana yake hitilafu ilitokea katikati ya kuchora, na kidhibiti kimeacha kujichora. Orodha kubadilishwa na uzi mwingine wakati gridi inaisoma ni sababu inayotosha kabisa. Ukikuta mtu ameweka CheckForIllegalCrossThreadCalls kuwa false ili "kosa liondoke", umeshajua pa kuanzia.

Hata BeginInvoke ina kipimo. pg_dump ikitoa maelezo kwa kasi, kila mstari unakuwa ujumbe kwenye foleni ya dirisha, na mibofyo ya mtumiaji inasubiri nyuma yake. Ikiwa AutoSizeColumnsMode ni AllCells, kila badiliko linaweza kuilazimu gridi kupima mistari yote upya. Mimi huhifadhi mstari wa mwisho tu kwenye kigeu, kisha Timer ya dirisha huupeleka kwenye gridi kila milisekunde 200. Upana wa safu ya hali nauweka mwenyewe.

Kuna kukwama kwingine kusiko mikononi mwako. Ukibadilisha pg_dump kwa skripti yako ya Python, utaona hali haibadiliki mpaka mwisho, halafu kila kitu kinamwagika kwa mkupuo. Python ikiona haiandiki kwenye konsoli, hukusanya matokeo kwenye bafa yake yenyewe kabla ya kuyaachia. Iite na -u. Na mchakato ulio hai usiotoa neno lolote huenda unasubiri nenosiri: pg_dump inauliza, lakini CreateNoWindow imemnyima mtumiaji pa kuliona swali. Weka --no-password ili ishindwe mara moja badala ya kusubiri, na nenosiri liwe kwenye pgpass.conf ndani ya folda ya postgresql ya %APPDATA%.

Wanaosikiliza mkondo wa matokeo na kutumia WaitForExit yenye muda, mfano WaitForExit(60000), wajue jambo hili: ikirudisha true, mchakato umeisha, lakini mistari ya mwisho inaweza kuwa bado haijafika kwenye matukio yako. Ita WaitForExit() tupu baada yake, ndipo usome ulichokusanya. Nimeona ripoti ikikosa mistari miwili mitatu ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo inayotaja kosa.

Kufaulu au kushindwa kupimwe kwa ExitCode, siyo kwa kuangalia kama mkondo wa makosa una maandishi. Kwa --verbose utakuwa nayo daima. Tena soma maana ya namba kwa kila programu. Kwa pg_dump sifuri ni salama. Kwa robocopy, zana ya Windows ya kunakili mafaili, 1 maana yake mafaili yamenakiliwa sawasawa, na kushindwa kunaanzia 8.

Ukihamisha programu kutoka .NET Framework kwenda .NET ya sasa, kitufe cha "Fungua ripoti" kinachofanya Process.Start("ripoti.pdf") kitaacha kufanya kazi, kwa kuwa UseShellExecute ilikuwa true bila kuandikwa na sasa ni false. Iandike wazi.

Mwisho ni kusitisha. Kama pg_dump inaitwa kupitia faili la .bat, Kill() inaua cmd.exe na kuiacha pg_dump ikiendelea, huku imeshikilia faili la nakala. Tangu .NET Core 3.0 kuna Kill(true), inayoua mchakato pamoja na watoto wake. Kill hurudi kabla mchakato haujaisha kabisa, kwa hiyo subiri tena kabla ya kugusa faili. Kwenye FormClosing, kama kuna tawi linaendelea, weka e.Cancel kuwa true na umuulize mtumiaji, vinginevyo BeginInvoke itaitwa kwenye dirisha lililokwisha kufungwa. Na pg_dump iandike kwenye jina la muda, mfano kariakoo.dump.sehemu, libadilishwe jina baada tu ya ExitCode kuwa 0. Bila hivyo, folda itakuwa na nakala nzima na nakala za nusu zenye majina yanayofanana, na hakuna atakayezitofautisha mpaka siku ya kurejesha.