Kwa nini kompyuta ya injini ya gari kuukuu hunuka samaki?

Kuna ugonjwa mmoja wa magari ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 unaotambulika kwa pua. Fungua kontroli boksi, ile kompyuta inayoamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na plagi zitoe cheche wakati gani, kisha nusa. Likinuka kama gunia la dagaa lililolowa mvua, umemshika mwizi wako.

Mimi nilimshika baada ya miezi minane. Gari letu ni basi dogo la petroli la 1993. Tulitoa viti vya nyuma tukaweka kitanda na jiko la gesi. Mjini Arusha liliwaka bila taabu. Alfajiri kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, stata ilizunguka mpaka betri ikaomba msamaha. Kufika saa nne jua likiwa limepanda, likawaka kwa mara moja. Tulilaumu petroli chafu, tukalaumu mwinuko, nikabadilisha plagi, pampu ya mafuta na sensa ya joto la maji.

Fundi mmoja alinitajia kontroli boksi mapema kabisa. Nikalifungua mwenyewe, nikatafuta palipoungua. Hapakuwa na masizi wala kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) iliyovimba. Nikalifunga na kutangaza kwamba ni zima.

Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza limo kwenye neno tunalotumia wote: “boksi limeungua”. Yapo yanayoungua kweli, kwa mfano mtu akigeuza nyaya za betri, lakini haya ya umri huu mara nyingi hayaungui, yanavuja. Kosa la pili nililitoa kwenye kompyuta za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kapasita mbovu za kompyuta zile zilizalisha gesi ndani, zikavimba kichwa na kupasuka juu, kila mtu akaona. Hizi za magari hutokwa na maji chini, kwenye kizibo cha mpira ambapo miguu yake inatokea, na tumbo lake lenyewe linaufunika uchafu. Ukiitazama kutoka juu utaapa ni mpya. Mimi niliapa.

Sasa, kapasita inafanya nini humo? Fikiria simtanki juu ya paa. Maji ya bomba yanakuja kwa mgawo, mara kwa nguvu, mara kwa kudondoka, lakini anayeoga chini haoni tofauti, maana tangi linajaa presha ikiwepo na kutoa ikikosekana. Umeme wa gari ni bomba la namna hiyo. Stata ikizunguka, volti 12 za betri hushuka hadi 10 au pungufu, na kila nozeli inapofungua na kufunga inautikisa tena. Ubongo wa boksi unataka volti 5 zilizotulia. Kapasita, nyingine ndogo kuliko kidole cha mwisho, ndizo simtanki zake. Tangi likitoboka, ubongo unapata umeme wa kuruka-ruka, unazimika na kuanza upya katikati ya kazi. Stata inazunguka, cheche hakuna.

Ndani ya tangi hilo mna karatasi mbili za alumini na karatasi ya kawaida katikati yake, zimeviringishwa kama donge la chapati kabla ya kusukumwa. Mafuta yaliyo kati ya tabaka za chapati ndiyo elektroliti hapa, yaani kimiminika kinachopitisha umeme. Yakikauka au kuvuja, tabaka haziwasiliani vizuri. Baridi huyafanya mazito na ukinzani unapanda, ndiyo maana alfajiri ya Ngorongoro iliniumbua na Arusha ya mchana ikanificha.

Na samaki? Watengenezaji wa enzi ile walitumia chumvi za amonia za aina fulani ili kapasita ifanye kazi vizuri kwenye baridi na joto. Kwenye mguu hasi, umeme huzalisha alkali, nayo hula kizibo taratibu. Kinachotoka kinanuka amini, familia ileile ya kemikali inayompa samaki aliyelala harufu yake. Baadhi ya kapasita hubaki na umeme hata gari likizimwa, kwa kuwa boksi linatunza kumbukumbu, hivyo gari la kambi linalolala miezi tisa chini ya mwembe halipumziki kama tunavyodhani.

Ila si kila boksi bovu linanuka, na gari kukataa alfajiri si ushahidi peke yake. Erthi yenye kutu huleta dalili hizohizo, na ni rahisi zaidi. Weka mita ya volti kati ya waya wa erthi wa boksi na nguzo hasi ya betri, mtu apige stata: ikizidi kama volti 0.2, anza hapo. Tazama pia taa ya injini ukifungua swichi. Isipowaka kabisa, huenda boksi halipati umeme, au limepata na halijui la kuufanyia, au balbu imekufa. Jaribio ninalolipenda ni kulipasha boksi kwa draya ya nywele asubuhi ya baridi. Langu liliwaka baada ya dakika tano.

Kubadilisha kapasita ni kazi ya saa moja. Kazi ndefu ni kusafisha, maana alkali inaendelea kula njia za shaba hata kapasita mpya zikiwepo. Fundi alipaka siki kidogo, akasugua kwa spiriti, akaunga njia moja iliyokwisha liwa kwa kipande cha waya mwembamba. Chuma cha kulehemu kilipogusa mguu wa kapasita ya pili, harufu ilijaa chumba, na paka wa jirani akaja kusimama mlangoni.