Kuuza picha moja si kuuza haki zake

Wapiga picha wengi wasio wa kulipwa hapa Uganda wanaamini kwamba anayenunua picha iliyochapishwa amenunua pia haki ya kuitumia apendavyo, hata kwenye kalenda au tangazo la hoteli. Hofu hiyo inaeleweka, na huwafanya wengine wasiuze kabisa, wengine wataje bei kubwa mno.

Kwa kawaida mnunuzi anamiliki karatasi na fremu yake. Anaweza kuitundika sebuleni au kumzawadia mtu. Haki ya kunakili hubaki kwa aliyepiga, hata kama hakuisajili popote. Ila kuna jambo la kuangalia sana: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, kazi uliyoagizwa kuifanya huwa ya aliyekuagiza, msipoandikiana vinginevyo. Isome mwenyewe mtandaoni, sehemu ya waajiriwa na kazi za kuagizwa.

Basi kwenye bei hesabu uchapishaji, fremu, nauli ya boda na muda wako. Kalenda ya hoteli ina makubaliano yake na bei yake. Kwenye risiti andika: “Picha moja, sentimita 30 kwa 40, ya kutundika. Hairuhusiwi kunakiliwa.”