Je, wajua? Phelps alivyoshinda dhahabu bila kuona

Agosti 13, 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps alijitosa majini kuogelea mita 200 kwa mtindo wa kipepeo, na miwani yake ikaanza kuvuja. Nafasi ya kusimama na kuirekebisha hakuna. Maji yalizidi kujaa hadi mita za mwisho akawa haoni ukuta wala wapinzani. Alipogusa ukuta na kuivua, ubao ulionyesha 1:52.03: dhahabu, na rekodi mpya ya dunia.

Mbona hakutaharuki?

Ni rahisi kusema ana moyo wa chuma tukaishia hapo. Mimi jibu hilo haliniridhishi, maana linamfanya awe kiumbe wa aina yake, nasi tubaki kumpigia makofi. Ukweli ni kwamba balaa lile halikuwa geni kwake. Kocha wake, Bob Bowman, aliwahi kuikanyaga makusudi miwani ya Phelps kabla ya mbio nyingine, ili maji yakiingia ajifunze la kufanya. Phelps pia alizoea kuziogelea mbio kichwani kabla ya siku yenyewe, zile zinazokwenda sawa na zile zinazoharibika. Alijua anahitaji mapigo mangapi ya mikono kuvuka bwawa. Kwa hiyo Beijing alihesabu tu.

Huko kuhesabu ndiko kulikomwokoa. Hofu ikiingia, moyo hudunda, pumzi hufupika, na akili hukimbilia matokeo: nikishindwa itakuwaje? Halafu mtu huanza kusimamia kwa fikra kitendo ambacho mwili umekwisha kukizoea, na kitendo chenyewe huvurugika. Lakini akili iliyoshughulishwa na kazi ndogo ya sasa hivi haipati wasaa wa kuzurura.

Timu ya taifa ya England ilijifunza hili kwa machungu. Ilitolewa kwa penalti kwenye Kombe la Dunia mwaka 1990, 1998 na 2006, na wachezaji wake walijulikana kwa haraka: filimbi ikilia tu, wanapiga, kana kwamba wanataka mateso yaishe. Kocha Gareth Southgate, ambaye mwenyewe alikosa penalti kwenye Euro 1996, aliwafanyisha wachezaji mazoezi ya penalti na kuwafundisha kutulia kabla ya kupiga. Mwaka 2018 waliitoa Colombia kwa penalti 4-3.

Eliud Kipchoge naye, kwenye Berlin Marathon ya 2015, soli za ndani za viatu vyake zilichomoka na kuning'inia nje kwa sehemu kubwa ya mbio. Mguu ulitoka damu. Alishinda kwa 2:04:00.

Basi kabla ya mtihani, usaili au mechi, usijiambie tu kwamba mambo yatakuwa mazuri. Jiulize ni nini kinaweza kuharibika, kisha amua mapema hatua ya kwanza utakayochukua kikiharibika. Ifanyie mazoezi ukiwa umechoka, si ukiwa freshi.

Hata hivyo, kujikaza kuna mpaka. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, mwanasarakasi Mmarekani Simone Biles alipoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo akiwa hewani, hali inayoweza kumvunja shingo mwanasarakasi. Alijitoa kwenye fainali ya timu, na wako waliomwita dhaifu. Naamini uamuzi ule, mbele ya dunia nzima, ulihitaji ujasiri mkubwa kuliko kuruka. Paris 2024 alirudi na kuchukua dhahabu 3.