Mtoto yuko wodi ya njiti, maziwa hayatoki: maswali mnayoniuliza

Mwanangu alizaliwa njiti, saivi anakimbia hapa Mbagala hashikiki, na kila mara kuna dada mwenye mtoto wodini ananiuliza mambo ya kukamua. Nayajibu hapa.

Nimejifungua kwa oparesheni jana, nikikamua yanatoka matone tu. Nisubiri maziwa yaje kwanza?

Usisubiri dada yangu. Inatakiwa uanze ndani ya masaa 6 ya mwanzo, na kama yameshapita basi anza saa hizi unaposoma hapa. Hayo matone ya njano ndo dang'a, yana kinga ambayo maziwa ya kopo hayana, na njiti ndo anayahitaji kuliko mtoto yeyote kwa sababu utumbo wake haujakomaa. Hata mls 1 mpelekee nesi, atampa kwa mpira wa kulishia au atampaka mdomoni. Na siku hizo tumia mkono, dang'a ni nzito inaishia kugandia kwenye pampu. Maziwa mengi huanza kujaa siku ya 3 hadi ya 5, kwa njiti na oparesheni yanaweza kuchelewa kidogo, wala haimaanishi huna maziwa.

Nikamue mara ngapi?

Mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ikiwemo. Hapa ndo wengi tunakosea, yaani mtu anasubiri titi lijae ndo akamue, anafanya mara 4 kwa siku anaona anayatunza maziwa, kumbe titi likikaa limejaa mwili unaelewa kuwa hayahitajiki unapunguza kutengeneza, na ukiyatoa mara kwa mara unaongeza. Hayatunzwi kwenye titi! Usiku usiache hata kama umechoka, weka alamu ya saa nane au saa tisa, maana homoni ya kutengeneza maziwa inakuwa juu muda huo. Kila ukikamua nenda dakika 15 hadi 20, titi zote mbili. Wiki 2 za mwanzo ndo zinajenga maziwa ya miezi ijayo, na ukifika mls 500 kwa siku mwisho wa wiki ya pili uko vizuri sana. Ukiwa hujafika usikate tamaa, ongeza idadi ya kukamua kabla hujafikiria kitu kingine.

Pampu sina hela ya kununua.

Mkono unatosha. Nawa kwa sabuni, kanda titi taratibu, weka dole gumba juu na vidole vingine chini, kama sentimita 3 kutoka kwenye chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia, halafu zungusha vidole sehemu nyingine. Usivute chuchu. Ikiuma ujue unakosea, mwambie nesi akuonyeshe.

Nakaa Gongo la Mboto, mtoto yuko Muhimbili, nayafikishaje?

Kwa joto letu hili usiyaache nje zaidi ya masaa 4. Chombo kichemshwe, kiwe na mfuniko, andika jina, tarehe na saa, weka kwenye kibegi na barafu ndo upande daladala. Kwenye friji siku 4, ila wodi nyingine zinataka mapya zaidi, uliza. Usipashe kwa maikrowevu.

Mama mkwe anasema ninywe supu ya pweza na uji wa pilipili manga.

Kunywa, ni chakula kizuri na unahitaji nguvu. Ila hakuna supu inayochukua nafasi ya kukamua, kwaiyo muombe mama akusaidie kufua na kupika wewe upate muda. Dawa za kuongeza maziwa za kuambiwa na shoga usimeze, nyingine zinagusa mapigo ya moyo, muulize daktari.

Wiki ya tatu sasa yanapungua, nalia tu.

Pole mama, najua. Hesabu kwanza, jana ulikamua mara ngapi kweli? Mara nyingi jibu liko hapo. Halafu omba kumbeba kangaruu, kifua kwa kifua, na ukamue mara tu ukimrudisha, au kama bado hawaruhusu, kamua umeshika kofia yake au unatazama picha yake kwenye simu, utashangaa yanavyoshuka. Ila ukiona titi jekundu, gumu, linauma na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usiache kulikamua.